Hodi Tatu kwenye Laini ya Mocímboa

Baba yangu mpendwa,

Nimerudi juzi kutoka Mocímboa da Praia. Nilikaa pale palipokuwa na kiti chako, katika ghala lile la bandarini ambalo sasa lina paa jipya na kuta zinazonuka rangi, nikaitazama laini yetu kutoka upande wako. Kwa miaka yote niliyoifanya kazi hii sikuwahi kuiona kutoka huko.

Nakuandikia mbele za watu, jambo ambalo ungelichukia kidogo. Nafanya hivyo kwa sababu nimebeba kimya kimya kosa nililojihukumia mwenyewe, nami naanza kuamini kwamba kimya hicho ndicho kilicholinenepesha. Tena wapo wengine wa pwani hii ambao asubuhi yao ya siku ile ilikatika kabla hawajamaliza kusema walichokuwa wakisema. Huenda mmoja wao akapata humu kitu cha kumfaa. Huenda asipate, sina hakika.

Niruhusu kwanza niwaeleze wasomaji kazi ambayo wewe huhitaji kuelezwa. Kompyuta kuu ya kampuni ya mizigo ilikuwa Pemba, mji wetu wa pwani na si kile kisiwa: mashine kongwe iliyonunuliwa ikiwa tayari imechakaa. Kaskazini tulikuwa na vituo vitatu: Mocímboa, Palma kwenye ghuba ya Tungue, na Namoto mpakani. Kila kituo kilikuwa na skrini na kibodi, yaani terminali, na terminali isiyo na laini ya kuiunganisha na mashine ya Pemba ilikuwa sawa na meza tupu. Opereta wa Pemba ndiye aliyezifungua laini asubuhi, akazikagua mchana na kuzifunga jioni, kwa amri fupi fupi alizoziandika kwenye skrini yake. Wewe ulikuwa mtu wa terminali ya Mocímboa. Mimi, binti yako, nikaja kuwa opereta.

Amri zenyewe zilikuwa za kigeni, zimekatwakatwa herufi, na kitabu cha maelekezo kiliandikwa kwa Kireno ambacho hata waliokiandika sidhani kama walikielewa. Nilipokuwa sekondari ulinikalisha kando yako wakati wa likizo ukanifunulia daftari lako, ambamo ulizigeuza amri zote zikawa mambo ya nyumbani. Amri ya kuuliza hali ya laini uliiandika, "mjulie hali." Ya kuianzisha, "amsha." Kulikuwa na njia mbili za kuifunga. Ya kwanza uliiita "wamalize kula, kisha ondoa sahani," kwa kuwa mashine iliwangoja waliomo wakamilishe walichoanza. Ya pili uliiita "vuta mkeka": laini ilikatika papo hapo, na maandishi makubwa yakaijaza skrini ya upande wa pili kumjulisha mtu kwamba hana mawasiliano tena. Kisha kulikuwa na amri moja isiyofunga kitu. Iliiacha laini wazi, mtu wa terminali akaweza kuandika na mashine ikapokea, lakini hakuna neno lililotoka Pemba kwenda kwake mpaka opereta aruhusu. Hiyo uliiandika, "nyamaza kwanza."

Baadaye, chuo kikuu Maputo, mwalimu alitufundisha mambo hayo hayo kwa michoro na mishale. Nakiri leo kwamba mtihani ule niliufaulu kwa kuzirudisha amri zote kwenye mikeka na sahani zako.

Nilipoajiriwa Pemba, nilidhani kazi ya kwanza ingekuwa kukuonyesha nilichosoma. Asubuhi ya kwanza niliamsha laini ya Mocímboa, nikasubiri uingie. Hukuingia. Badala yake lilitokea kwenye skrini yangu neno moja: HODI. Wenzangu walicheka. Nikakuandikia haraka haraka, "Ingia tu baba, nina kazi nyingi." Terminali yako ikabaki ilivyo, na simu yangu ikalia.

"Nyumba ya mtu haiingiwi kwa kuambiwa 'ingia tu'," ulisema.

"Baba, hii ni mashine."

"Mashine ina mwenyewe. Leo mwenyewe ni wewe."

Basi nikaandika KARIBU, nawe ukaingia. Tangu siku hiyo tukawa na desturi ambayo hakuna kitabu cha maelekezo kinachoijua. Ulibisha, nikaitika, kazi ikaanza. Na kama ilivyo adabu ya nyumba zetu, ulibisha mara tatu, si zaidi. Usipoitikiwa mara ya tatu, ulihesabu kwamba mwenye nyumba ana shughuli zake na hataki mgeni kwa saa ile, ukaenda zako. Siku moja nilitoka kwenda kuchukua barua. Niliporudi nilikuta hodi zako tatu na terminali imelala. Orodha ya mizigo ya meli moja ilichelewa nusu siku, na shefe wangu, yaani mkuu wangu wa kazi, akanisema mbele ya watu. Nilipokupigia simu ulikuwa sokoni.

"Nimebisha, hukuitika. Nimekuja kutazama pweza."

"Baba, shefe amekasirika."

"Mwambie naye ajifunze kuitika."

Hayo nayakumbuka vizuri. Ndiyo maana kinanishangaza kitendawili cha akili yangu mwenyewe: nilijua desturi ile kuliko mtu yeyote duniani, na bado ilipokuja siku niliyoihitaji ili nikuelewe, niliisahau kabisa.

Asubuhi ile mama alikuwa kwangu Pemba tangu mwezi uliotangulia, kwa ajili ya matibabu ya macho. Wewe ulikuwa peke yako Mocímboa. Niliamsha laini zote tatu saa moja na nusu. Muda mfupi baadaye simu za mkononi za kaskazini zikawa hazipatikani. Shefe aliingia akiwa ameshika simu yake mkononi kama kitu kilichofia humo. Alisema kuna fununu za watu wenye silaha njiani, hajui wapi, na hataki habari zozote za maghala zitoke kwenda kwenye terminali ambazo hatujui nani amezikalia.

"Nifunge laini?" nilimwuliza.

"Usifunge. Zuia tu. Hakuna neno kutoka kwetu mpaka niseme."

Nikaandika ile amri uliyoiita "nyamaza kwanza." Nilikuwa bado sijaondoa mikono kwenye kibodi lilipotokea neno lako. HODI. Shefe alikuwa nyuma yangu. Dakika mbili zikapita. HODI. Niligeuka nikamtazama, akatikisa kichwa. Dakika mbili nyingine. HODI. Ilihitajika amri moja kukuachilia laini, na neno moja kukujibu. Ningeweza. Siwezi kusema kwamba mikono yangu ilifungwa. Ilikuwa huru, iko juu ya herufi. Sikuandika kitu. Hodi ya nne haikuja, na baada ya saa moja na zaidi laini ya Mocímboa ikafa yenyewe, kwa namna ambayo hakuna amri inayoifanya. Tulikuja kusikia kwamba bandari ilishambuliwa na ghala limeungua.

Siku tisa hatukujua kama uko hai. Siku ya kumi ilinipigia namba ya Tanzania. Ulisema, "Nipo ng'ambo, mama, kwa shangazi yako. Miguu imevimba, lakini nimefika nayo yote miwili." Nilimpa mama simu nikatoka nje.

Uliishi miaka miwili upande ule wa Ruvuma, mpaka kifua kilipokuchukua. Tuliongea kila Ijumaa. Tuliongea juu ya mihogo ya shangazi, bei za nauli, macho ya mama, kila kitu isipokuwa asubuhi ile. Mara moja tu ulinikaribia. Uliuliza, "Shefe wako hajambo?" Nikajibu hajambo. Ukanyamaza kwa muda mrefu, kisha ukauliza habari za mvua. Kimya kile nilikitafsiri kwa njia moja: baba alinibishia mlango akiwa hatarini, mwanawe alikuwa ndani, akasikia, hakufungua. Nilidhani unajua kwamba nilikuwepo, na kwamba upole wako tu ndio uliokuzuia kusema. Ulipofariki nilivuka nikakuzika, nikarudi siku ya tatu. Sikuwahi kuvuka tena.

Sasa nikuambie habari za juzi.

Kampuni inafungua tena kituo cha Mocímboa. Nilitumwa kufunga terminali mpya na kuijaribu laini. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, nikichomeka waya, nilipoona miguu ya mwanamke imesimama mlangoni.

"Wewe ndiye wa Pemba?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu toka huko nikuone." Nikatoka. Alinitazama kwa utulivu. "Pua ya mzee Bakari imepata pa kuendelea. Pole, mwanangu. Yeye mwanamume ilimfaa."

Alikuwa Bi Atija, aliyekuwa akipanga mafaili na kuchemsha chai katika ofisi yako. Nilimjua kwa jina tu, kutokana na masimulizi yako juu ya chai yake. Amerudi mjini, na alikuja kuuliza kama nafasi yake bado ipo. Nilimpa kiti. Kwa dakika kadhaa tuliulizana habari za jamaa. Kisha, baba, nikamwuliza. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ni kwa sababu alikuwa amenicheka pua, na ni vigumu kumwogopa mtu aliyekucheka pua.

"Asubuhi ile, ulikuwa naye hapa?"

"Ningekuwa wapi? Mimi nafagia, yeye anagonga vidude vyake."

"Alibisha?"

"Akabisha. Mara ya kwanza, kimya. Akaniambia, 'Binti yangu anakunywa chai.' Akabisha tena, kimya. Akasema, 'Leo chai ina mkate.' Mara ya tatu kimya vilevile. Akainuka, akafunika kibodi kwa kile kitambaa chake. 'Bi Atija, mwenye nyumba hajaitika. Twende zetu.'"

"Alikuwa na hofu?"

"Hofu ya nini? Hatujasikia hata mlio mmoja. Alikuwa na njaa." Akanyoosha kidole kuelekea nje ya mji. "Tukaenda kwa dada yangu, kule mashambani, tukale mihogo. Mihogo haijaiva, tukasikia milio upande wa bandari. Hatukurudi hata kuchukua viatu. Tukashika njia ya Palma na wenzetu, kisha Namoto, kisha ng'ambo."

Alinitazama usoni, akaniuliza kama mimi ni mgonjwa. Nikamwambia ninachotaka kujua. Nilimwuliza kama baba yangu alinikasirikia kwa kutomjibu.

"Nani? Mzee Bakari?" Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Mwanangu, kilichomtafuna ni kingine. Njia nzima ya Namoto ananiapisha. 'Bi Atija, usije ukamwambia mwanangu kwamba niliacha terminali saa za kazi. Ghala limeungua halina mtu, na yeye ndiye atakayeulizwa na shefe wake.' Mimi miguu inaniuma, watu wanalia huku na huku, yeye anataka kiapo."

"Na uliapa?"

"Niliapa ili anyamaze. Nikakitunza kiapo muda wote alipokuwa hai, na baada yake pia. Lakini wewe umekuja na uso huo. Akiniuliza huko mbele, nitajibu mwenyewe."

Baba, sikulia pale. Nililia baadaye, chumbani, nikiwa nimekaa juu ya sanduku la nyaya, na kilio chenyewe kilichanganyika na kicheko, kwa sababu nilikuona njiani na miguu yako iliyovimba, umeponea chupuchupu, ukihofia kwamba nitakemewa na mtu ambaye siku ile hakujua hata jina lako la pili.

Unanijua, sikuweza kuliacha jambo hapo. Nilimpigia simu mwenzangu wa Pemba nikamwomba aamshe laini, kisha atoe amri ile ya kuzuia. Nikakaa mbele ya skrini na kungoja. Hapakutokea kitu. Hakuna onyo, hakuna neno. Kishale kidogo tu kikiwaka na kuzima, kama nyumba ambayo taa inawaka ndani na mwenyewe yuko uani. Kisha nikamwomba akate laini ghafla. Maandishi makubwa yakaijaza skrini: HAKUNA MAWASILIANO. Na hapo nilijua ungefanya nini ukiyaona. Hukuwahi kuiacha laini iliyokufa. Ungefungua modemu, ungepuliza vumbi, ungefuata waya mmoja mmoja kwa vidole, na mwisho ungepanda juu ya paa la ghala kuitazama antena. Siku moja mama alikuletea chakula cha mchana ukamwambia kutoka juu akiweke chini, na alasiri ikakukuta hujashuka. Laini iliyokufa ulikuwa hutoki kwake. Mwenye nyumba asiyeitika, ulimwachia nafasi yake.

Niliporudi Pemba nilifungua pia kumbukumbu za mashine za siku ile. Hodi zako tatu nilikuwa nimezisoma mara nyingi, nazijua mpaka sekunde. Lakini nilikuwa siku zote nasoma mpaka ya tatu na kufunga. Safari hii niliendelea. Mstari unaofuata ni amri yako ya kuaga, iliyoandikwa kamili, bila herufi moja kukosewa, kama ulivyokuwa ukiaga kila jioni. Mtu anayekimbia haandiki hivyo. Mimi, niliyefundishwa kwa miaka minne kusoma ushahidi wote kabla ya kuamua, nilikuwa nimesoma ule wa kunitia hatiani tu.

Hapa ndipo ninapopaswa kujizuia. Ipo hadithi nzuri inayoninyemelea, kwamba kimya changu ndicho kilichokuokoa, na kwamba kama ningekujibu KARIBU kwa mazoea ungekaa ukaandika orodha ya mizigo mpaka wakukute. Huenda ni kweli. Lakini sikunyamaza ili kukuokoa. Nilinyamaza kwa sababu niliamriwa, na kwa sababu niliogopa. Ningejibu, pengine ningekuambia fununu zile, nawe ungeondoka mapema zaidi na kuwaonya wengine wa bandarini ambao hawakuwa na desturi ya kubisha. Hilo nalo lawezekana, na nimeliweka hapa kwa makusudi ili furaha yangu isije ikalifunika. Hata shefe, ambaye nilimchukia kwa adabu kwa miaka yote, sijui tena nimweke wapi. Alitoa amri moja badala ya nyingine, bila kujua tofauti yake kwako. Nadhani nitamwandikia yeye pia, ingawa sijui nitaanzaje.

Ninachojua kwa hakika ni kidogo, nacho kinanitosha. Ulipobisha hukuwa hatarini, wala hukuwa ukiomba msaada. Hukuondoka ukiwa umefungiwa mlango na mwanao. Kile kimya cha Ijumaa zetu hakikuwa lawama. Kilikuwa aibu yako upande mmoja na yangu upande wa pili, kila moja ikimwinamia mwenzake na kumpisha apite kwanza. Tangu nijue hivyo, natembea kama mtu aliyetuliwa tenga la samaki kichwani: shingo bado inajikaza kwa mazoea, kisha inakumbuka.

Nilimsimulia mama jana mchana. Alikuwa akipepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo ndiyo sababu kila nikikuambia twende tukamzuru baba yako unaniambia una kazi."

"Ndiyo, mama."

"Nyie wawili mlikuwa mnaogopana kama watoto waliovunja chungu kimoja." Alirudi kwenye mchele wake. "Mimi mbona nilijua aliondoka saa za kazi. Aliniambia siku ile ile ya kwanza, uliponipa simu ukatoka."

"Mama. Miaka yote hiyo hukuniambia?"

"Hukuuliza. Kila Ijumaa uliniuliza kama anakula."

Nikakaa chini kando yake, nikaanza kuchagua mawe katika mchele.

Tunavuka Alhamisi kupitia Namoto, baba, mimi na yeye. Nimeomba ruhusa kazini, na nimeiomba kwa maandishi, nikataja sababu: kumzuru mzazi. Mama amekwisha funga mzigo, akaufungua, akaufunga tena kwa sababu alisahau udi. Sitakuja kukuomba radhi, na wewe pia usiwe na cha kuniomba. Nitafagia majani, nitakaa chini upande wa miguu yako, na sitaharakisha kurudi siku ya tatu.

Ni mimi mwanao, opereta wako wa Pemba.